Karatasi ya maswali kwenye benchi: ninavyowahudumia waombaji wa mkopo kwenye steshenari yangu Iringa

Kopi moja hapa kwangu Iringa mjini ni shilingi 100. Ukitoa karatasi, tona, umeme wa LUKU na zile karatasi zinazokwama na kuchanika ndani ya mashine, kinachobaki ni cha kununulia vocha. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaoniuliza namna ya kufungua steshenari huanza na bei ya mashine ya kopi. Mashine lazima uwe nayo, sikatai, ila kodi ya fremu yangu inatoka kwingine: maombi ya mtandaoni. Ajira za serikali, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA, namba ya mlipakodi (TIN), jina la biashara BRELA. Na juu ya yote, mkopo wa elimu ya juu.

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa saba, baridi ya Iringa ikiwa imekolea. Vijana wanaingia mjini kutoka Kilolo, Ilula, Ifunda na Isimani, wengi wameongozana na mama au mjomba, na kila mmoja ana bahasha ya kaki yenye kila kitu alichonacho duniani kwa maandishi. Ndani ya muda huo mfupi steshenari zote za mtaa wetu zinajaa.

Nilianza kazi hii nikiwa nimeajiriwa kwenye steshenari ya mtu mwingine, na namna tuliyokuwa tunafanya ndiyo ilikuwa namna ya kila mahali. Mteja anafika zamu yake, anasimama kaunta, mhudumu macho kwenye kompyuta anauliza kwa sauti ili asikike juu ya kelele za mashine: "Baba yupo hai? Mama je? Una ulemavu wowote? Kaya yenu ipo TASAF?" Siyo umbea. Fomu ndiyo inauliza, maana Bodi ya Mikopo inapopanga nani apate kiasi gani huzingatia uyatima, ulemavu na hali ya kaya, kama kuwa kwenye TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini. Lakini swali hilo hilo likitamkwa mbele ya foleni yenye watu uliosoma nao, linakuwa jambo jingine.

Kuna binti mmoja aliulizwa hivyo na mwenzangu. Baba yupo? Akajibu haraka: "Yupo." Mwenzangu akaandika yupo. Mimi nilikuwa pembeni naskani nyaraka zake, na cheti nilichokuwa nimekilaza kwenye kioo wakati huo kilikuwa cha kifo cha baba yake. Nyuma yake kulikuwa na wavulana wa shule yake wanacheka mambo yao. Nikamwita pembeni kana kwamba picha yake ya pasipoti imetoka vibaya, tukarekebisha. Ingepita ilivyo, angejinyima mwenyewe kitu ambacho utaratibu umemwekea, kwa neno moja la aibu.

Nilipofungua fremu yangu, hilo ndilo nililolishughulikia kwanza, kabla hata ya bango la nje. Nilichapa karatasi ya maswali, nusu ya A4, Kiswahili cha nyumbani, vibox vya kutia tiki. Nikaweka benchi ukutani, kalamu zimefungwa kamba, na vibao vya kuandikia. Mteja akiingia tunasalimiana, "kamwene mama", "shikamoo baba", anapewa karatasi, anakaa. Upande wa mbele ni mambo mepesi: majina, namba ya mtihani ya kidato cha nne, simu, kijiji au mtaa. Mambo mazito nimeyaweka nyuma, ili aliyekaa jirani asiyaone kwa kupitisha macho. Mzazi asiyeona vizuri au asiyesoma namhudumia kwenye meza ya ndani, pazia limeshushwa.

Swali la mwisho kabisa linasema: "Kuna jambo ungependa kunieleza pembeni?" Nililiweka kwa heshima tu, nikidhani halitajibiwa. Linatiwa tiki kuliko nilivyotegemea. Mmoja amelelewa na bibi na hajui baba yake alipo. Mwingine cheti cha kuzaliwa kiliungua na nyumba. Mwingine mzazi aliyeandikwa kwenye cheti ni baba mdogo, aliyempeleka kusajiliwa. Haya ukiyajua kabla ya kugusa kompyuta unamwelekeza mtu aende wapi kwanza. Ukiyajua katikati umeshapoteza saa nzima, yako na yake.

Sasa, mfanyabiashara mwenzangu atauliza faida iko wapi. Iko kwenye kasi. Wakati mimi najaza ya mmoja, wanne wako benchini wanaandika, na anayefika kaunta anakuja na majibu tayari. Nilikuwa natafuta namna ya kumsitiri mtu, nikapata foleni inayotembea. Karatasi zenyewe nazikata kwenye rimu ile ile, na tukimaliza mteja anaondoka na yake.

Jambo la pili ni skrini. Nilinunua skrini iliyotumika, nikaigeuzia kwa mteja, iwe inaonyesha kile ninachokiona mimi. Makosa mengi ya maombi ni ya herufi, na mwenye jina lake analiona kosa kabla yangu. Huku kwetu R na L zinabadilishana sana: cheti cha kuzaliwa kinasema Rehema, kadi ya zahanati inasema Lehema. Mfumo wa mkopo unavuta jina kutoka matokeo ya kidato cha nne, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kikisema vingine, ni bora lijulikane siku hiyo. Huwa sitoi ushauri wa "liache tu, litapita". Namweleza kuwa kuna hati ya kiapo kwa wakili na kuna marekebisho ya RITA, na namwambia akaulize ofisini kipi kinamhusu. Kazi yangu ni kuliona kosa. Kuliamua wapo wenye mamlaka.

Namba ya NIDA nayo ina ujanja wake. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mteja akinisomea mfululizo tutapotea wote wawili. Namwambia anisomee nne, kisha mbili, kisha mbili, halafu namuuliza, "umezaliwa lini?" Akisema mwaka wa 2006 na namba inasema 2005, tunasimama hapo hapo. Mara nyingi amekosea kunakili kwenye kikaratasi. Mara chache kadi ndiyo yenye kosa, na hilo ni safari ya ofisi ya NIDA.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni mihuri. Fomu ikishachapwa inatakiwa saini ya mwombaji, ya mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na wa hakimu au wakili, ndipo irudishwe kuskaniwa na kupandishwa. Kijana wa Kilolo anapanda gari kurudi kijijini, anamtafuta mwenyekiti shambani, anarudi mjini, kumbe mdhamini kasaini sehemu ya mzazi. Nauli imekwenda, siku imekwenda. Mabaki ya manila yalikuwa yanajaa kwenye boksi langu la taka, ya njano, ya kijani, ya waridi. Nikaanza kuyakata vipande vidogo na kuvibana kwa stepla pembeni ya kila mahali pa kusaini: njano wewe, kijani mdhamini, waridi mwenyekiti, nyeupe wakili. Nikishaona kila saini iko mahali pake, navitoa ndipo naskani. Mwenyekiti mmoja wa kijiji alinitumia ujumbe kwa kijana kwamba wote waje na fomu zenye karatasi za rangi, maana hizo ni rahisi. Tangazo kama hilo huwezi kulilipia redioni.

Uhakiki wa vyeti RITA nimeuhamishia mwezi wa tano. Hautegemei matokeo, cheti cha kuzaliwa hakisubiri daraja la mtu, lakini watu walikuwa wanaukumbuka mwezi wa saba pamoja na kila kitu, na majibu huchukua siku. Kwa hiyo mitihani ya kidato cha sita ikianza kuisha naweka bango: "Umemaliza? Leta cheti cha kuzaliwa sasa, usisubiri matokeo." Wenye cheti cha kifo cha mzazi nawaambia walete vyote pamoja. Hilo limenipa kazi kwenye mwezi uliokuwa mkavu, na mwezi wa saba nalala angalau.

Kwenye fedha ninayo misimamo, na siyo kila mteja anaipenda. Ada ya maombi ya bodi, shilingi 30,000, siishiki mkononi. Mfumo unatoa kontroli namba, mteja analipa kwa simu yake au ya mzazi hapo hapo. Bei yangu iko ukutani kwa maandishi makubwa, na inahusu kujaza, kuchapa, kuskani na kupandisha, pamoja na kurudi kuangalia SIPA, akaunti ya mwombaji kwenye mfumo wa bodi, mpaka awamu za mkopo zitoke. Anayeomba TIN namwambia wazi kuwa TRA wanatoa bure, anachonilipa mimi ni kazi ya mikono. Wapo wanaosikia hivyo wakaondoka kwenda kujaribu wenyewe. Wengine wanarudi, wengine hawarudi, na sina kinyongo.

Mkopo wa dukani sitoi. "Dada, nitakuletea Jumatatu" imeua biashara nyingi za wanawake wenzangu, na unayemdai huona haya, huanza kukukwepa njiani, kwa hiyo umepoteza hela na umempoteza mtu. Badala yake nina kompyuta moja ya zamani pembeni. Asiye na hela ya kutosha anajaza mwenyewe pale kwa bei ndogo, akikwama ananiita, na kabla hajatuma napitia naye ukurasa kwa ukurasa. Wengine wamegundua kwamba wanaweza. Mmoja sasa ndiye ninayemwajiri msimu wa foleni, anajaza haraka kuliko mimi.

Nywila ni jambo ambalo naona wenzangu wengi wanalichezea. Kuna steshenari zinabaki na nywila za wateja ili kila wakitaka kuangalia kitu wairudie fremu hiyo na kulipa. Mimi mteja anachagua mwenyewe, anaandika kwenye kikadi, mimi nageukia ukuta. Namba ya simu inayowekwa kwenye akaunti ni yake au ya mzazi, siyo yangu wala ya mjomba anayebadilisha laini kila mwezi, maana siku akisahau nywila simu hiyo ndiyo itakayomfungulia. Nyaraka nilizoskani namtumia kwenye barua pepe yake au WhatsApp, nahakikisha amezifungua, kisha nazifuta kwenye mashine yangu akiwa anatazama kwenye ile skrini. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sisi wa steshenari tunashika vyeti vya watu kutwa nzima. Gharama yake ni kwamba mwezi wa kumi anakuja aliyepoteza simu anataka "zile nyaraka zangu", nami sina. Tunaskani upya, simtozi kamili, na ananuna kidogo.

Siku za mwisho za dirisha la maombi mfumo unazidiwa, kurasa zinazunguka tu. Bodi mara nyingi imeongeza muda, lakini simwambii mtu ategemee hilo. Nafunga mlango saa mbili usiku, nawaandikia waliobaki namba zao kwa mpangilio, na naendelea kuanzia saa kumi alfajiri mtandao ukiwa mwepesi. Nafanya hivyo mwenyewe nyumbani, chai ya tangawizi pembeni, fomu zikiwa zimejazwa tayari kwenye karatasi za benchi. Wanaotaka waone kwa macho yao wanakuja asubuhi, tunafungua pamoja.

Wakati mwingine nawaza kwa nini nahangaika hivi kwa hela inayolingana na ya jirani asiyehangaika. Fedha ya kujikimu chuoni ni shilingi 10,000 kwa siku tangu ilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Kwa kijana wa mkulima wa nyanya wa Ilula hiyo ndiyo tofauti ya kwenda chuo na kubaki. Akipata, mwezi wa kumi na moja ananitumia ujumbe kwamba bumu limeingia, na mwaka unaofuata analeta mdogo wake. Asipopata ananiletea pia, kwa sababu anajua kwangu hakukosewa herufi.

Jirani yangu wa fremu ya tatu aliniomba ile karatasi ya maswali. Nilimpa kwenye flashi, na leo foleni yake nayo inakaa benchini. Mwanzo wa msimu uliopita kijana mmoja aliigeuza, akaisoma mbele na nyuma, akasema, "Dada, hujauliza nani alitulipia ada ya sekondari. Mimi alinilipia padri, na fomu inataka barua yake." Alikuwa sahihi. Nimeliongeza, lipo nyuma, juu ya lile la TASAF.