Taa ya injini ikiwaka usikimbilie sensa: nilivyolipima gari langu mwenyewe

Kuna ushauri unaoniudhi kuliko wowote anaopewa mwenye gari: "Taa ya injini imewaka? Badilisha sensa ya oksijeni." Hutolewa na watu ambao hata boneti hawajafungua. Mimi niliupata gereji, nikafungiwa sensa mpya kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka, taa ikafutwa, na haikupita muda ikawaka tena na msimbo ule ule wa kosa, P0171. Nilipompigia fundi akanijibu, "Basi bosi, itakuwa ile nyingine ya nyuma. Lete gari tubadilishe na hiyo." Nikamwambia asante fundi, nikakata simu, na gari halikurudi kwake. Nimelipima mwenyewe nyumbani, nimelitengeneza, na taa imezimika hadi leo.

Vifaa vyangu vilikuwa viwili tu. Cha kwanza ni kile kidude cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma kompyuta ya gari kupitia simu. Cha pili ni mita ya kawaida ya kupimia umeme. Vyote kwa pamoja havikufika hata nusu ya bei ya sensa niliyofungiwa. Soketi ya gari inayopokea kidude hicho ina nafasi 16 za pini, na magari ya soko la Marekani yanayo yote kuanzia modeli za 1996, ya Ulaya ya petroli kuanzia 2001 na ya dizeli kuanzia 2004. Ila kuna magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ambayo soketi ni hiyo hiyo lakini kidude cha bei ndogo hakielewani nayo, kwa hiyo ukiweza azima kwanza cha mwenzako ujaribu ndipo ununue chako.

Kabla ya yote pima betri. Injini ikiwa imezimwa na imepoa utarajie volti 12.6 hivi, na ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5. Betri chovu huwasha taa za kila aina kwenye dashibodi, na watu wameuziwa sensa kwa sababu ya betri.

Sasa huo msimbo. Herufi P inahusu injini na gia, C ni chasi pamoja na breki, B ni bodi, U ni mawasiliano ya kompyuta zenyewe kwa zenyewe. Sifuri inayofuata maana yake ni msimbo unaotumiwa na watengenezaji wote, ikiwa 1 basi ni wa mtengenezaji mwenyewe. P0171 inasema mchanganyiko ni mwepesi kwenye upande wa kwanza wa injini, yaani hewa imezidi au mafuta yamepungua. Hakuna mahali inaposema sensa imekufa. Sensa ya oksijeni inakaa kwenye eksozi, inaonja moshi na kupeleka taarifa. Mjumbe hauawi! Na wangu alikuwa mzima kabisa. Nilifungua mchoro wake kwenye simu injini ikiwa ya moto, nikamwona anapanda na kushuka bila kuchoka kati ya volti 0.1 na 0.9, namna inavyotakiwa. Nikichomoa mpira mmoja mdogo wa hewa alianguka chini mara moja, nikikanyaga mafuta ghafla aliruka juu ya 0.8. Sensa iliyochoka husogea kwa uvivu au hubaki palepale ufanye utakalo. (Magari mengi mapya yana sensa ya mbele ya aina nyingine, isiyoruka hivyo, kwa hiyo usiihukumu kwa volti hizi.)

Kitu ambacho fundi hakukigusa, na ndicho chenye jibu, ni marekebisho ya mafuta. Kompyuta ina hesabu yake ya kiasi cha mafuta, halafu inaongeza au kupunguza kwa asilimia kulingana na taarifa za sensa. Kwenye simu utaona namba mbili, ya muda mfupi na ya muda mrefu, nawe unazijumlisha. Zikibaki ndani ya 10 juu au chini ya sifuri hakuna tatizo. Zangu, gari likiwa limesimama na sijakanyaga mafuta, zilifika 25 juu ya sifuri. Nikapandisha injini hadi mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo, zikashuka mpaka 5 au 6.

Hapa nilifurahi sana, kwa sababu tofauti hiyo peke yake inaeleza karibu kila kitu. Tundu linaloingiza hewa ya wizi nyuma ya kipepeo cha hewa, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta, linaumiza zaidi injini ikiwa imetulia, maana wakati huo mvuto ndani ya manifodi, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa, ni mkubwa na hewa halali inayoingia ni kidogo. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani tena. Namba zingepanda jinsi ninavyokanyaga ningefikiria pampu ya mafuta, chujio lake, au ile sensa ya kupima hewa iliyoshika vumbi. Hiyo ya mwisho husafishwa kwa dawa yake maalumu peke yake, na kamwe usiiguse kwa kidole wala brashi, waya wake ni mwembamba mno.

Basi natafuta tundu. Niliambiwa na wengi nipulizie dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka manifodi, mngurumo ukibadilika umelipata. Dawa hiyo inawaka moto, na eksozi iko pale pale, kwa hiyo sikukubali. Nikachukua chupa ya kunyunyizia yenye maji na sabuni kidogo. Nikafunika koili za kuwashia plagi na soketi za umeme kwa mifuko ya plastiki, nikawasha injini, nikaanza upande mmoja na kwenda taratibu: kila kiungo cha mpira, kila klipu, gasketi ya manifodi yote, mpira wa breki, shina la kipimia oili. Nanyunyiza, nasubiri, nasikiliza. Maji yakinyonywa tunduni mngurumo lazima uyumbe kidogo. Haukuyumba. Nikarudia kutoka upande wa pili nikiwa na macho kwenye simu badala ya masikio, namba zile hazikutetereka. Injini ilikuwa inang'aa kwa usafi, na tundu halikuonekana, ilhali namba zilikuwa bado zinaniambia lipo. Niliziamini namba.

Sababu niliijua baadaye: maji hufika pale unapopaona tu. Nilikata mpira mwembamba wa urefu wa mkono mmoja, ncha moja nikaiweka sikioni, nyingine nikaanza kuitembeza juu ya injini inayonguruma, mbali na feni na belti. (Nguo za mikono mirefu na mikufu vua kabisa kabla ya kufanya hivi.) Mpira unakata kelele zote za pembeni na kukuletea sauti ya pale ncha ilipo tu. Nilipita manifodi nzima bila kitu, nikazama nyuma, kati ya injini na ukuta wa bodi, nikasikia "sssss" kali inayokuja na kuondoka ninapohamisha ncha kwa upana wa kidole. Ulikuwa mpira uliopinda wa kurudisha mvuke wa oili kwenye manifodi. Oili ilikuwa imeulainisha miaka mingi, na ufa wake ulikuwa upande wa chini, umegeukia injini. Tochi haikuweza kuumulika wala maji kuufikia.

Bado sikununua kitu. Niliubana ule mpira kwa koleo, taratibu, kati ya ufa na manifodi, huku simu ikiwa mbele yangu. Namba ya muda mfupi ikaanguka papo hapo mpaka 18 chini ya sifuri. Usishtuke ukiona hivyo. Ile ya muda mrefu bado imeshikilia ongezeko la zamani, kwa hiyo ya muda mfupi inalazimika kulifuta, na ukizijumlisha unapata karibu na sifuri. Hakuna ushahidi mzuri kuliko huo. Nikafunga mpira mpya, na bei yake, wallahi, ni aibu kuitaja mbele ya ile ya sensa.

Tangu hapo majirani huniletea magari, na kila mara naanza kwa kuwakataza kuchomoa betri ili taa izimike. Kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: mwendo, mizunguko, joto la injini. Ukichomoa betri unafuta ushahidi huo. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka sitaki hata kuona simu, zima injini hapo hapo. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima-zima nayo ni kumisi kwa nguvu, yaani silinda haichomi mafuta yake, na mafuta yasiyoungua yanakwenda kuyaunguza masega ya kusafisha moshi kwenye eksozi, kwa hiyo usiendelee na safari. Msimbo wa kumisi ukitaja silinda moja, mfano P0301, hamisha koili ya silinda hiyo uipeleke ya tatu. Ukigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Usipohama, angalia plagi na nozeli.

Sensa mbovu kweli nimekutana nayo, ya joto la maji, yenye waya mbili. Gari la jirani lilikuwa linanuka petroli na feni haitulii, msimbo P0118, na simu inaonyesha maji yako nyuzi 40 chini ya sifuri, injini ikiwa ya moto kiasi cha kuunguza. Kusoma hivyo ni dalili ya njia iliyokatika, ila imekatika wapi? Nilichomoa soketi ya sensa nikaunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya. Joto kwenye simu likaruka juu kabisa, zaidi ya 130. Kwa hiyo waya ni nzima, kompyuta ni nzima, kilichobaki ni sensa. Hiyo nilimwambia anunue.

Ya breki ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu kidude changu hakisomi ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki. Taa ilikuwa inawaka gari likikata kona tu. Nilipima sensa za magurudumu ya mbele, zile za zamani zenye koili ndani, nikapata zaidi kidogo ya omu 1,000 kulia na kushoto. (Aina mpya za kielektroniki usizipime kwa omu.) Nikamwomba mwenye gari azungushe usukani mpaka mwisho huku mita imeunganishwa. Upande wa kushoto namba ikapotea, akirudisha usukani inarudi. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, pale unapopinda karibu na shokamzoba, kwa nje hauna hata mkwaruzo. Nikaukata, nikauunga kwa risasi, nikauvika ganda la kusinyaa kwa joto na kuufunga upya ukiwa na nafasi ya kupinda. Taa ilibaki imewaka alipowasha gari, akaniangalia. Nikamwambia aende tu, kompyuta inataka kwanza kuona magurudumu yote manne yanazunguka. Hakufika mbali ikazimika.