Nilivyochagua kati ya pikapu ya dizeli na ya petroli kwa bajeti ndogo

Kwa pesa niliyokuwa nayo, pikapu za dizeli nilizoweza kuzimudu zilikuwa zimefika umri wa kudai nozeli (zinazopuliza mafuta ndani ya silinda), turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) na klachi kwa mpigo. Za petroli za bei hiyohiyo bado zilikuwa na maisha mbele yake. Hilo ndilo lililoniamulia, ingawa nilianza kama wanavyoanza wengi, nikiamini kwamba pikapu ni dizeli na petroli ni ya gari dogo.

Kabla ya kwenda kuangalia gari lolote niliandika mambo mawili kwenye karatasi: kilomita ninazotembea kwa mwaka na uzito ninaobeba. Kilomita zangu ni kama 12,000, na mzigo wa kawaida ni kilo 300 hadi 400. Tani nzima ni mara chache. Pikapu ya petroli ya lita 2.7 hunywa takriban lita 12 kwa kilomita 100, na dizeli yenye turbo ya lita 2.5 au 3.0 hunywa kama lita 9. Tofauti ni lita 3, ambazo kwa mwendo wangu ni lita 360 kwa mwaka. Nilizizidisha kwa bei ya lita, kisha nikachukua pesa ya ziada inayodaiwa kwa sababu tu gari ni dizeli, nikaigawa kwa kiasi kile. Jibu lilipita miaka sita. Anayekwenda kilomita 40,000 kwa mwaka anaokoa lita 1,200, kwa hiyo kwake hesabu inageuka kabisa. Na kama unakoishi dizeli na petroli hazilingani bei, piga gharama ya kila moja peke yake, usitoe lita kwa lita.

Uzito nao una neno lake. Injini ya dizeli yenye turbo hutoa nguvu yake ya kuvuta mapema, kwenye mizunguko kati ya 1,600 na 2,500 kwa dakika, wakati petroli isiyo na turbo huitoa karibu na 4,000. Ukiwa na tani mgongoni kwenye mlima, dizeli inapanda kwa utulivu na petroli inapiga kelele huku ikinywa mafuta. Mwenye kubeba tani kila siku au kuvuta trela asibishane na dizeli. Ila ahakikishe ana akiba ya kuitunza.

Jambo ambalo matangazo ya kuuza hayakuambii ni kwamba kuna dizeli za aina mbili, na kwa mtu wa bajeti ndogo ni kama magari mawili tofauti. Ya kwanza ni ile ya zamani yenye pampu ya kimakanika, kama injini ya Toyota iitwayo 5L (ni jina, si ujazo): lita 3.0, haina turbo, na pampu yake haitegemei kompyuta. Ni nzito kuondoka, haina mbio, lakini fundi yeyote mzoefu anaifungua, na nozeli zake hufanya kazi kwenye mgandamizo wa bar mia na kitu. Ya pili ni komoni reli, yenye bomba moja la presha linalogawia nozeli zote, ambamo mafuta hubanwa hadi bar 1,600 au zaidi. Kwa mgandamizo huo, chembe ndogo ya uchafu au tone la maji linakwangua sindano ya nozeli, inaanza kuvuja, na mafuta yanayodondoka ovyo yanaweza kutoboa kichwa cha pistoni. Nozeli nne na pampu ya presha vikifa pamoja, gharama yake inaweza kukaribia nusu ya bei ya pikapu kuukuu. Ukipata dizeli ya kimakanika ambayo chesisi yake ni nzima, chukua bila wasiwasi. Mimi sikuipata, zote nilizokagua zilikuwa zimeoza chini.

Dizeli mpya zaidi zenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi nilizikataa kabisa kwa sababu ya safari zangu fupi. Kichujio kile hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la karibu nyuzi 600, na gari linalotembea kilomita tano na kuzimwa halifiki huko. Linaziba, injini inapungua nguvu, na wakati mwingine mafuta yasiyoungua yanashuka kwenye oili na kuipunguza uzito.

Ukaguzi niliuanza chini ya gari, kwenye chesisi. Injini inabadilishwa, chesisi iliyooza au kupinda haina dawa ya bei nafuu. Simama pembeni, futi chache kutoka kwenye mlango, utazame nafasi kati ya kabini na bodi ya nyuma. Iwe sawa kutoka juu hadi chini. Ikiwa juu ni pana kuliko chini, hata kwa upana wa kidole kimoja, bodi imelala nyuma kwa sababu chesisi imepinda hapo kati kwa kubebeshwa kupita kiasi. Ingia chini na tochi, utafute nyufa na weldi mpya sehemu hiyohiyo, halafu chukua nyundo ndogo ugonge chesisi juu ya eksili ya nyuma na pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilichooza kinatoa sauti ya bati lililolowa, na vipande vinadondoka kama magamba. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari kuukuu nilihesabu kuwa sababu ya kugonga zaidi. Springi zilizoongezwa majani, au zilizonyooka kabisa bila mzigo, zinakuambia gari lilifanya kazi gani hata kama odomita inasema kilomita chache.

Injini niliitaka ya baridi. Nilimwambia kila muuzaji asiiwashe kabla sijafika, na nikifika naweka kiganja juu ya injini kwanza. Ikiwa ya moto, narudi siku nyingine. Injini ikishapata moto, hita plagi zilizokufa (zinazopasha silinda joto wakati wa kuwasha dizeli), mgandamizo wa silinda uliopungua na pistoni zinazogonga hujificha.

Ikiwa bado ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi ya kulanti, dawa ya kupoozea injini. Yakiwa ya kahawia, kutu imeshaingia kwenye njia za maji. Utando wa oili juu yake, au oili inayofanana na kahawa ya maziwa kwenye dipstiki, ni maji na oili kukutana, mara nyingi kwa gasketi ya silinda hedi. Oili nyeusi kwenye dizeli isikutishe, inakuwa hivyo muda mfupi baada ya kubadilishwa kwa sababu ya masizi. Kwenye petroli, oili nyeusi tii inamaanisha imekaa muda mrefu mno. Rudisha kifuniko, washa, na ndani ya dakika mbili za kwanza minya hosi ya juu ya rejeta. Ikiwa imeshakuwa ngumu wakati injini haijapata joto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Moshi wa kuwasha usomeke hivi. Mweupe kidogo kwenye dizeli ya baridi unaopotea baada ya dakika moja ni wa kawaida. Ukiendelea, ni dizeli isiyoungua, yaani nozeli au mgandamizo, na kama una harufu tamu ni kulanti. Wa bluu ni oili. Mweusi mzito unapokanyaga ni mafuta mengi kuliko hewa: filta imeziba, hosi ya turbo inavuja, au nozeli zimechoka.

Kisha legeza kifuniko cha kujazia oili huku injini inanguruma polepole bila kukanyaga mafuta, ukigeuze juu chini na kukiweka wazi juu ya tundu lake. Kwenye dizeli kikichezacheza kidogo si neno. Kikirushwa, na moshi ukatoka kwa mapigo kama mtu anayevuta sigara, ringi za pistoni zimeisha na unanunua ovahoo, yaani kufumua injini nzima. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote na kiliniondolea pikapu mbili zilizokuwa zinang'aa nje.

Kwa kila dizeli ya komoni reli niliyoipenda nililipa fundi apime marejesho ya nozeli. Anachomoa mipira midogo ya kurudisha mafuta, anaunganisha kila nozeli na chupa yake, injini inanguruma dakika chache, halafu tunalinganisha. Chupa moja ikijaa mara mbili ya nyingine, nozeli hiyo inavuja ndani. Pikapu moja iliyokuwa nzuri kwa kila kitu ilionyesha chupa mbili zimejaa na mbili zina tone tu, wakati sikioni injini ilikuwa inalia vizuri. Fungua pia tundu la kutolea maji chini ya filta ya dizeli, kinga nusu glasi kwenye chombo kinachopitisha mwanga, uache kama dakika kumi. Maji yanatulia chini kama mstari. Kwenye turbo, vua hosi ya hewa injini ikiwa imezimwa, shika ncha ya shafti. Kuyumba kidogo pembeni kunakubalika, lakini kusogea mbele na nyuma hakukubaliki.

Petroli ina mambo machache ya kukagua, na hapo ndipo nafuu yake ilipo. Chomoa plagi zote nne uzipange kwa mfuatano. Rangi ya kahawia hafifu ni afya, nyeusi yenye unyevu wa oili ni silinda inayokula oili. Pima mgandamizo injini ikiwa ya moto: bar 10 hadi 13 kwa kila silinda, na tofauti kati ya ya juu na ya chini isipite asilimia 10 au 15. Nilichomeka pia kifaa cha kusoma kompyuta. Ukikuta hakuna kosa lolote lakini vipimo vya ndani vinaonyesha havijakamilika, kuna uwezekano mtu amefuta makosa asubuhi hiyo au betri ilichomolewa. Endesha, kisha usome tena.

Uliza mapema kama injini ina mkanda wa timing (unaoendesha valvu sambamba na pistoni) au cheni. 1KD na 2KD, injini za dizeli za Toyota, zina mkanda. 4JJ1, dizeli ya Isuzu, na 2TR-FE, petroli ya Toyota ya lita 2.7, zina cheni. Mkanda usio na ushahidi wa kubadilishwa uhesabu kuwa umeisha, utoe kwenye bei gharama yake pamoja na tenshena, na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huo. Kwenye dizeli hizi ukikatika, pistoni zinakutana na valvu.

Barabarani nilitaka angalau nusu saa, pamoja na mlima. Kwa klachi, ukiwa gia ya nne kwenye kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta yote: mizunguko ikipanda huku mwendo umebaki palepale, klachi inateleza. Mlio unaotoka nyuma unapokanyaga na kubadilika unapoachia ni difu, yaani gia za kwenye eksili. Mgongano mmoja wa chuma unapotoka gia ya mbele kwenda riverse ni kros za propela (viungio vya shafti inayopeleka nguvu kwenye eksili), kazi ndogo. Fo wili jaribu kwenye ardhi laini, pamoja na gia nzito. Si kwenye lami kavu, unakaza mfumo bure. Baada ya kurudi, acha injini ingurume dakika kumi ukitazama geji ya joto, fani ikiwa inafanya kazi.

Karatasi sikuziachia mwisho kabisa kama wengi wanavyofanya. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibati peke yake, ilingane na kadi ya gari, na namba ya injini vivyo hivyo. Ikiwa imekwanguliwa au kuna weldi karibu yake, ondoka, hata bei iwe ya kutupa. Hakikisha pia gari haliko rehani. Bila hayo unanunua mbuzi kwenye gunia.

Tairi zina tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho, 2319 ikimaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikipita miaka saba nilizikata kwenye bei bila kujali kashata zake, yaani meno ya tairi.

Nilitenga asilimia 20 ya pesa yote kabla ya kuanza kutafuta, na sikuigusa wakati wa mapatano. Nilichukua petroli ya lita 2.7 yenye cheni, silinda zote kati ya bar 11.8 na 12.4, chesisi kavu, rangi imechubuka na kiti cha dereva kimechanika. Akiba ile ilikwenda kwa oili ya injini, ya gia boksi na ya difu zote mbili, filta, plagi, kulanti, termostati, hosi mbili za rejeta, mkanda wa alteneta, mafuta ya breki na bushi za mbele. Betri ilisoma volti 12.6 injini imezimwa na 14.2 ikiwaka, kwa hiyo niliiacha. Baada ya kilomita 1,000 nilichomoa dipstiki asubuhi gari likiwa limesimama mahali tambarare, na oili ilikuwa palepale nilipoiacha.