Kava ya Baba Yetu: maneno yalikuwa hayasikiki, nilivyorekebisha

Wadau, niliimba upya (ndo kava hiyo) wimbo wa Baba Yetu, ule wa Christopher Tin wa kwenye gemu la Civilization IV la 2005, ambao 2011 ukaja kubeba Grammy, basi kila aliyesikiliza ananiambia sauti tamu ila mbona hatusikii unachosema, na hiyo ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili jamani! Wengine wakasema ongeza volyumu, nikaongeza, ikawa kelele tu.

Kumbe mchawi ni mwangwi, ile athari niliyoiweka kwenye sauti isikike kama naimba ukumbini. Nikautoa kwenye traki (njia ya rekodi) ya sauti nikauweka traki yake pembeni, nikaukata besi yote chini ya hezi 300, halafu nikauchelewesha kama milisekunde 40 hivi ili neno litoke kavu kwanza ndo mwangwi ufuate. Sauti za kwaya (zote mimi mwenyewe, msicheke) nikazisukuma kushoto na kulia, katikati nikamwachia anayeongoza. Saivi kwenye "litukuzwe" unasikia hadi ile "k", hata kwa spika ya simu.

Kuna mmoja bado analalamika napumua kwa nguvu, huyo ntamshughulikia wikendi.