Taarifa ya afisa ustawi mbele ya hakimu

Katika mashauri ya malezi, hakimu wa Mahakama ya Watoto huitegemea sana taarifa ya uchunguzi wa kijamii, ambayo sisi maafisa ustawi wa jamii huiandaa baada ya kufika nyumbani, shuleni na kwa majirani. Wapo wenzangu hapa Mbeya wanaolalamika kwamba sheria imetufunga mikono, lakini mimi sikubaliani nao. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, amri ya matunzo, yaani ya kumwondoa mtoto katika mazingira yanayomdhuru na kumweka chini ya uangalizi wa afisa ustawi, hutolewa na mahakama kwa maombi ya afisa, na haizidi miaka 3 au siku mtoto atakapotimiza miaka 18, lolote litakalotangulia. Ni vyema iwe hivyo, kwani hatima ya mtoto haifai kuachwa mikononi mwa mtu mmoja, hata awe na uzoefu wa namna gani.

Kinachonisumbua ni woga wa afisa kuhojiwa na wakili. Chukulia bibi wa Rungwe anayemlea mjukuu, huku baba wa mtoto, mwajiriwa wa mjini, akimdai mtoto kwa kuonyesha hati ya mshahara na mkataba wa nyumba. Bibi hana karatasi yoyote. Afisa aliyekaa pale jioni nzima amemwona mtoto akirudi kutoka shuleni, akijichotea maji mtungini bila kuomba, kisha akivuta kigoda chake karibu na mafiga na kumsimulia bibi yaliyotokea darasani. Hata hivyo, taarifani anaandika tu kwamba bibi hana kipato cha uhakika, kwa sababu hilo ndilo analoweza kulithibitisha.

Sheria yenyewe haimtaki aishie hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaweka dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kukanushwa, na kifungu hichohicho kinaitaka mahakama izingatie madhara ya kumvuruga mtoto kwa kumhamisha. Kile kigoda, basi, ni ushahidi, mradi kiandikwe kwa tarehe, saa na majina ya waliokuwepo.

Kwa mahakimu wetu nina ombi moja: afisa anapoomba shauri liahirishwe ili arudi kijijini mara ya pili, wasilichukulie ombi hilo kuwa uzembe.