Deki yangu ya panya

Hapa Köln Jumamosi jioni tunakutanaga wanne kucheza Magic, gemu la kadi la kupigana, ile staili ya Commander. Kwa asiyeijua: deki ni kadi 100, moja kati ya hizo ndo kamanda wako anakaa pembeni unamwita ukiwa na mana ya kumlipia (mana ndo hela ya gemu, inatoka kwenye kadi za ardhi), kila mtu anaanza na maisha 40, na kadi hairudiwi isipokuwa zile ardhi za kawaida. Sasa kuna kadi inaitwa Rat Colony, ya 2018, imeandikwa kabisa weka ngapi unazotaka. Kuiona tu nikasema basi, mi nafuga panya.

Hesabu yake ndo iliyonilevya. Mana 2 tu, nguvu 2 (ndo maisha anayomtoa adui akimpiga), inaongezeka 1 kwa kila panya mwenzie uliyenaye, kwa hiyo wakiwa sita mezani kila mmoja ana 7, jumla 42, mtu wa maisha 40 kwishnei. Kamanda nikamchukua Marrow-Gnawer, panya wote wanakuwa hawazuiliki ila na viumbe weusi au wa artifakti (vyuma na mashine), alafu yeye mwenyewe unamlaza, yaani unageuza kadi yake upande, unachinja panya mmoja, waliobaki wanazaa idadi yao. Una saba, unachinja mmoja, unabaki na sita, wanakuwa kumi na wawili. Panya kabisa hao!

Nikanunua Rat Colony 45. Mama akaziona kwenye video kol, "mwanangu, unanunua picha za panya, wakati huku tunawawekea sumu?" Sikuwa na jibu.

Gemu la kwanza nilimwaga panya mpaka meza ikajaa, wote watatu wakanigeukia mimi, na jamaa mmoja akashusha Wrath of God, viumbe vyote chali. Mkononi sina kadi hata moja, kamanda wa mana 5 sasa ananidai 7 kumrudisha maana akifa bei inapanda 2, nikawa navuta kadi moja kila zamu naomba Mungu, inakuja Rat Colony, panya mmoja mpweke wa nguvu 2. Nilikaa hivo kama saa nzima naangalia wenzangu wakicheza.

Yaani kosa ni kwamba nilipenda panya nikasahau kuwalisha. Nimezishusha Colony mpaka 25, ardhi 36, na nafasi zilizobaki nimeweka vitu visivyo na panya hata kwenye picha: Phyrexian Arena ya kuniongezea kadi kila zamu kwa maisha 1, na Skullclamp, hii ndo tamu, unamvisha panya mdogo wa 1/1 (nguvu 1, uhai 1) kwa mana 1, inampunguzia uhai 1, anakufa palepale, unavuta kadi mbili. Iliniuma kutoa panya niweke vyuma lakini deki inapumua sasa. Na Patriarch's Bidding kwa ajili ya yule bwana wa Wrath: kila mtu anataja aina moja ya kiumbe, alafu kila mtu anafufua viumbe wake wote wa aina zilizotajwa. Wenzangu deki zao mchanganyiko, wanarudisha wawili watatu, mi narudisha ukoo mzima.

Nimeshinda mara mbili mfululizo. Jumamosi iliyopita bwana wa Wrath kaja na deki mpya, kamanda Arahbo, paka tupu. Mama nilipomwambia kacheka mpaka simu ikamdondoka, anasema huyo kijana ana akili.