Kadi ya bima ndio imenishika hii kazi

Nimepata ofa. Ni kampuni ndogo pale Kilimani, wanafanya data za wakulima, kitu mimi napenda hadi naweza fanya usiku, na pesa ni zaidi ya ile napata sai. Lakini ni kontrakti ya mwaka mmoja mmoja na mtu wa kontrakti hapewi kava ya bima ya afya. Hapo ndio nimekwama.

Kijana wangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wenye wako na mtoto kama huyu wanajua, dawa ya haidroksiurea kila siku, damu kupimwa kila mara, halafu kuna zile usiku anaamka analia mifupa inamuuma mnakimbia hosi na pale kaunta swali la kwanza ni nani analipa. Mimi natoa kadi. Na hiyo kadi si yangu, ni ya mwajiri, siku nikitoka inazimwa.

Nikapiga simu kuuliza ya kujinunulia. Kama mtoto alikuwa mgonjwa tayari, naambiwa ningoje mwaka mzima ndio huo ugonjwa uanze kulipiwa, na hata ukianza wanaweka kikomo kidogo sana. Kwa ile ya ofisi aliingia na cheti cha kuzaliwa tu, basi, kwa sababu tuko wengi na gharama inagawanywa. Mtoto ni yule yule, damu ni ile ile. Chenye kimebadilika ni nani ananilipa mshahara!

Na si mimi tu. Kuna dada ofisini anashona nguo kali, wateja anao, angekuwa ashafungua duka, lakini anataka mtoto wa pili na kava ya uzazi ukijinunulia unangoja karibu mwaka, kwa hivyo amekaa tu kwa dawati.

Marekani hii mambo ya bima kuwa ya kazini ilishika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilizuia kupandisha mishahara basi kampuni zikavuta watu kwa bima, vita vikaisha na bima ikabaki hapo hapo kazini. Ilichukua sheria ya 2010, na hicho kipengele kikaanza 2014, ndio kampuni za bima zikakatazwa kumkataa mtu ama kumtoza zaidi juu alikuwa mgonjwa tayari. Hicho kipengele ndio naombea Kenya, kwa hizi bima za praiveti.

SHA, ile bima ya afya ya serikali, ipo, najua. Nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na penye naipenda ni kwamba inaenda na kitambulisho changu, sio na bosi, nikijiajiri nakadiriwa nalipa ya mwaka na naendelea. Bima inafaa kumfuata mtu, hapo sitabadilisha mawazo. Shida ni kwamba inalipa kwa viwango vyake na hosi nyingi za praiveti bili inapita hapo mbali, ndio maana sisi wa ofisi tunashikilia ile kadi ingine kama roho.

Wale wa Kilimani nimewaandikia. Sijaomba pesa zaidi, nimewaambia wapunguze ile wameniahidi wanitie mimi na kijana kwa kava ya wafanyikazi wao wa kudumu. Wakikubali naandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo. Wakikataa, hiyo kazi itachukuliwa na mtu mwenye mtoto wake ni mzima.