Nani kafa?

Maneno mawili yananizuia usingizi. Wiki hii mnada wa korosho umepita salama, posa ya Zuhura tumeipokea (wazee wa Mikindani walikuja na kanzu zao, nitaeleza siku nyingine), lakini mimi bado niko kwenye simu niliyompigia swahiba wangu wa Newala. Yule yule mnayemjua, niliyetoka naye jandoni.

Alipokea upesi, hata haloo hakusema.

“Nani kafa?”

“Hajafa mtu.”

“Basi nani kalazwa?”

“Hakuna, bwana. Wote wazima.”

Kimya. Nikasikia jogoo wake huko nyuma. “Sasa, Baba Zuhura, kulikoni?”

Hapo ndipo ulimi uliponiganda. Nilitaka kumwambia nimemkumbuka tu, tulivyokuwa tukikaa Shimo la Mungu jioni, tunaitazama Ruvuma kule chini na kubishana ni moshi wa kwetu ule au wa Msumbiji. Mtu wa miaka hamsini na ushee atayaanzaje maneno hayo? Nikamwambia: “Ile mashine yako ya kupulizia salfa, bado unayo?”

“Ipo. Unaitaka?”

“Hapana, nauliza tu.”

“Haya.”

Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho ikichanua, wakati korosho zimeshafika ghalani! Nimeyarudia mazungumzo haya njiani, ofisini na kitandani, na kila mara najibu vizuri zaidi.

Mama Zuhura akitoka kwenye kikoba chake anarudi anajua presha ya kila mwanachama na nani kagombana na mkwewe. Sisi wa kijiwe cha kahawa tunakaa bega kwa bega kila jioni, tunamaliza Simba na Yanga, tunamlilia Ndanda tangu ateremke ligi kuu, kisha kila mtu anabeba lake anarudi nalo nyumbani. Mwenzetu mmoja mkewe kaondoka tangu masika. Tumeambiwa juzi, tena na muuza kahawa. Msiba ukitokea hapo tunajua kazi yetu: turubai, kaburi, mchango. Mtu akiwa hai na ana dhiki zake, hatujui tumshike wapi.

Zuhura, kwa kuwa anasomea uuguzi, ana dawa ya kila kitu. Anasema kule Boston watafiti wa Harvard wamewafuata wanaume 724 tangu 1938, kuanzia ujana mpaka uzee, na walioridhika na watu wao walipokuwa na miaka 50 ndio waliofika 80 wakiwa na afya nzuri. Eti hilo lilitabiri vizuri kuliko hata kipimo cha mafuta kwenye damu. Nikamuuliza kama wazee hao walikuwa wakipigiana simu bila sababu. Akacheka, akaniambia nile mboga.

Basi jana mchana konda wa basi la Newala kanipigia, nina mzigo stendi. Nikaenda. Mashine ya kupulizia! Imefungwa kwa kamba za katani, imefutwa vumbi, na pembeni kiroba cha njugu mawe. Nilicheka peke yangu pale stendi mpaka wapiga debe wakanitazama. Nikampigia.

“Nilisema siitaki.”

“Nilikusikia. Njugu umeziona?”

“Nimeziona.”

“Haya, mashine utairudisha mwenyewe. Usimpe konda.”

Tukaongea mpaka salio likakata. Kumbe goti lake linamsumbua, anashuka kwenye pikipiki kwa awamu. Na mimi nikamwambia habari ya macho yangu, ambayo hata Mama Zuhura sijampa yote. Nitapanda Newala minada ikitulia.

Ila Shabani ndiye ananitia wasiwasi. Mtihani wa kidato cha nne umefika, na kitabu cha fizikia bado kina harufu ya dukani. Nikimuuliza ananijibu, “Baba, usijali.” Nitaachaje kujali?